Kampuni kubwa za kupokea simu zije, lakini sheria ya mshahara itangulie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kazi ninayoifanya, kazi ambayo viongozi wetu wameanza kuitaja kila wanapoulizwa vijana wa Uganda wataajiriwa wapi. Ni kazi ya kupokea simu na kujibu jumbe za wateja kwa niaba ya kampuni nyingine, nyingi zikiwa za nje. Maofisini tunaiita BPO. Nilianza kama mhudumu wa kawaida, na sasa nasimamia timu ya zamu ya usiku katika ofisi moja hapa Kampala. Timu yangu hupokea simu za Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo.

Sipingi kampuni kubwa za kazi hii kuja kwetu. Nataka zije, tena zije nyingi, kwa sababu nimeona kazi hii ikimlipia mtu kodi ya nyumba na ikimrudisha mdogo wake shule. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuzifungulia mlango tuwe tumeandika katika sheria mshahara wa chini, nyongeza ya kazi ya usiku na ulinzi wa anayeshika simu. Hayo hatuna kwa namna yenye maana. Wanaokwenda kutunadi huko nje hutaja wingi wa vijana, Kiingereza chao safi, kisha unafuu wao. Hilo la mwisho linaniuma, maana anayekuja kwa sababu ya unafuu ataondoka siku atakapoonyeshwa mwenye nafuu zaidi.

Tuwajue kwanza wageni wenyewe. Inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote ni Teleperformance ya Ufaransa, ambayo tangu 2025 inajiita TP. Daniel Julien aliianzisha Paris mwaka 1978, wakati ambapo kazi hasa ilikuwa kuuza bidhaa kwa simu. Leo ina wafanyakazi karibu nusu milioni, na mapato yake ya mwaka 2024 yalizidi yuro bilioni 10. Haikufika hapo kwa kuajiri peke yake. Imekuwa ikinunua wenzake. Mwaka 2016 ilinunua LanguageLine ya Marekani, kampuni ya ukalimani kwa njia ya simu, kwa zaidi ya dola bilioni 1.5. Mwaka 2018 ikaichukua Intelenet, yenye mizizi yake India. Mwaka 2023 ikainunua Majorel kwa takribani yuro bilioni 3, na kwa ununuzi huo ikajikuta na ofisi Nairobi, jirani kabisa na sisi. Wapinzani wake nao hawakulala. Concentrix ya Marekani, iliyotenganishwa na kampuni mama yake ya Synnex mwishoni mwa 2020, iliichukua Webhelp ya Ufaransa mwaka 2023. Sitel iliinunua Sykes mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikabadili jina kuwa Foundever.

Mtu wa kawaida anaweza kuuliza hayo yote yanamhusu nini kijana wa Banda au Nakawa. Yanamhusu sana, kwa sababu ya namna pesa inavyotembea. Benki, shirika la ndege au kampuni ya simu haitaki kuajiri watu elfu mbili wa kujibu malalamiko. Inasaini mkataba na mojawapo ya kampuni hizi, na inalipa kwa kila saa ambayo mhudumu amekaa kwenye simu, au kwa kila tatizo lililotatuliwa. Kampuni inamlipa mhudumu kutoka katika pesa hiyo. Ikitoa na pango, mitambo na mafunzo, kinachobaki ni faida. Gharama kubwa kuliko zote hapo ni mshahara. Ndiyo maana simu za Wamarekani zilihamia Ufilipino na India, na simu za Wafaransa zikahamia Morocco, Tunisia na Madagascar. Mkataba unapokwisha, mwenye kazi huwaita tena wazabuni, na kila mzabuni hutafuta mahali pa kupunguza senti. Anayepiga simu hajui lolote kati ya haya. Anasikia jina la benki yake na sauti ya binti anayemwita kwa jina.

Wapo wanaosema tukiweka mshahara wa chini wageni watakimbilia kwingine. Hoja hii nimeisikia kwa watu wenye nia njema kabisa, hata kwa bosi wangu, kwa hiyo siipuuzi. Lakini watazame Ufilipino. Nchi ile ina watu zaidi ya milioni moja na nusu katika kazi hii, na ndiyo iliyoipita India katika huduma za sauti. Sheria ya kazi ya Ufilipino inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 10 ya ujira kwa kila saa iliyofanywa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tangu 1975 kuna amri inayomlazimisha mwajiri kulipa mshahara wa mwezi wa 13 kila mwaka. Mishahara ya chini hupangwa kwa kila mkoa. Sheria hizo zilikuwepo kabla kampuni hizi hazijafika Manila na Cebu, na kampuni zilifika hivyohivyo, zikajenga, zikakaa. Zilivutwa na watu waliofundishwa vizuri, na bei iliyoandikwa haikuzifukuza.

Sisi tuko wapi? Mshahara wa chini wa Uganda uliwekwa mwaka 1984, na ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Haujabadilishwa hadi leo. Mimi naishi Kireka, na pesa hiyo inamalizika kwa nauli ya siku moja, kwenda mjini na kurudi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa mishahara ya chini, Rais akakataa kuutia saini, na jambo likaishia hapo. Kwa hiyo kampuni inapokuja kuuliza sheria yetu inasema mhudumu alipwe nini, jibu la kweli ni kwamba sheria haisemi kitu cha maana. Kinachobaki ni moyo wa mwajiri. Nimefanya kazi na waajiri wenye moyo na wasio nao, na sitaki riziki ya mtu mwingine itegemee bahati hiyo.

Nieleze kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wanadhani ni kukaa tu kwenye kiti na kuongea.

Usiku mmoja alipiga mzee wa Kigoma. Alikuwa ametuma pesa za dawa ya mkewe, akakosea tarakimu moja, pesa zikaingia kwa mtu asiyemjua. Simu ilipokewa na binti wa timu yangu, mwenyeji wa Arua, mpole lakini mwepesi wa akili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na hedifoni ya pili, nikisikiliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo baba, tunamshukuru Mungu. Nikusaidie nini?"

Kwenye kona ya skrini yake kuna saa. Inaanza kijani, inageuka njano, halafu nyekundu. Mzee alikuwa haoni vizuri maandishi ya simu, ikabidi amwamshe mjukuu amsomee namba ya muamala. Mjukuu akasoma, akaruka herufi, akaanza upya. Mzee akawa anaomba radhi kila mara, na binti anamjibu, "Taratibu tu baba, nipo." Saa ilikuwa imeshakuwa nyekundu kitambo. Lakini pesa aliziwahi. Alizizuia kabla huyo mwingine hajazitoa kwa wakala, na mzee alipoambiwa alikaa kimya kidogo, kisha akamwombea dua ndefu ambayo binti aliisikiliza yote hadi amina.

Wiki ile ripoti ya mkaguzi wa ubora ikaja. Upande wa muda alipata sifuri. Kwenye sehemu ya maoni iliandikwa "salamu ndefu". Nilikwenda kwa mkaguzi kumweleza kwamba mtu wa Kigoma aliyemzidi binti huyu miaka hamsini hawezi kuanzishiwa maelezo ya namba bila shikamoo, na kwamba mzee angekata simu na kuamini tumemwibia. Alinielewa. Alama hazikubadilika, kwa kuwa fomu ilitoka kwa mwenye mkataba na ilitungwa kwa simu za nchi ambako salamu ni neno moja. Binti alikosa bonasi ya mwezi ule, na bonasi kwetu ndiyo inayofanya mshahara uitwe mshahara.

Hapo ndipo linaposimama jambo langu kuhusu Kiswahili. Katika ukumbi uleule, safu ya pili kutoka kwetu, wanakaa wanaopokea simu za Kifaransa. Wanalipwa posho ya lugha, na wanastahili. Safu ya Kiswahili hailipwi. Tulipouliza tuliambiwa Kiswahili ni lugha ya hapa, kila mtu anakijua. Mhariri, wewe na wasomaji wako mnajua hali ilivyo. Tukitangaza nafasi za kazi kwenye safu ya Kiswahili, barua za maombi zinajaa meza, lakini ukiwapa watu hedifoni na mteja wa Mwanza aliyekasirika, wanaobaki ni wachache mno. Wanaobaki ni watoto wa Busia na Malaba, watu wa Arua, waliolelewa kambini na baba askari, na waliosoma Kenya au Tanzania. Mimi ni wa Malaba. Mama aliuza chakula kwa madereva wa malori wanaosubiri forodha, na Kiswahili nilikipata hapo, nikibishana na watu wa Mombasa kuhusu bei ya samaki na kupokea maagizo ya watu wa Dodoma waliotaka wali wao uwe hivi na si vile. Shuleni kwetu hakikufundishwa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi ni mzuri. Walimu bado hawatoshi.

UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Watu hao wana akaunti za benki, wanatuma pesa kwa simu, wananunua tiketi za basi na za ndege, wanalipia bima, na wote hukwama siku moja wakahitaji kuongea na mtu. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zinajua jambo hilo kuliko tunavyolijua sisi. Kwa nini basi wajumbe wetu wanapokwenda kuziomba zije hawaweki Kiswahili juu ya meza kama ujuzi wenye bei yake? Kila kijana anayeweza kumsikiliza mzee wa Kigoma, mama wa Bukavu na kijana wa Eastleigh kwa zamu moja, na kumjibu kila mmoja kwa namna atakayomwelewa, amejifunza kitu ambacho mafunzo ya wiki mbili hayawezi kukitoa. Mimi ningeanza mazungumzo na mgeni yeyote kwa hapo, na Kiingereza kingefuata.

Kuhusu Kenya, tuna la kujifunza bila kupitia maumivu yao. Sama, kampuni ambayo Leila Janah aliianzisha mwaka 2008 kwa lengo la kuwapatia watu maskini kazi za kompyuta, na ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi Gulu pia, ilipewa na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kazi ya kuchuja machapisho ya mtandao huo kutoka Nairobi. Ni kazi ya kutazama picha na video za mauaji, ubakaji na ukatili wa watoto ili sisi wengine tusizione. Mei 2022 Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyewahi kufanya kazi hiyo, aliishtaki Sama pamoja na Meta kuhusu ujira, afya ya akili na haki ya kuunda chama cha wafanyakazi. Mwaka 2023, kazi ilipohamishiwa Majorel, wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Kampuni zimekanusha madai. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi inaweza kusikilizwa huko.

Tazama walichokuwa wakibishania miaka yote hiyo: mwajiri ni nani. Aliyesaini mkataba na kijana anasema masharti yanatoka kwa mwenye kazi, na mwenye kazi anasema huyo kijana simjui. Kwa Uganda sheria iseme mapema kwamba wote wawili wanawajibika, aliyeajiri na aliyetoa kazi, kwa mshahara na kwa afya ya mfanyakazi. Kijana wa Gulu au Mbarara asilazimike kusubiri majaji waamue jambo ambalo wabunge wangeweza kuliandika kwa aya moja. Na wanaotazama machapisho ya aina ile wapate mshauri wa afya ya akili aliyesomea kazi hiyo, atakayeendelea kuwaona hata mkataba ukiisha. Ninamfahamu kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo nje ya nchi na akarudi. Halali taa ikizimwa.

Sasa kuna suala la mashine. Februari 2024 Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, ilitangaza kwamba programu yake ya akili mnemba ilikuwa imefanya kazi inayolingana na ya wahudumu 700 katika mwezi wake wa kwanza. Hisa za Teleperformance ziliporomoka papo hapo, maana wenye pesa waliona mwisho wa biashara ya simu umefika. Mwaka uliofuata mkuu wa Klarna, Sebastian Siemiatkowski, akasema hadharani kwamba mteja lazima apate nafasi ya kuongea na binadamu, na kampuni ikaanza kutafuta watu tena. Teleperformance nayo imewekeza katika Sanas, yenye programu inayolainisha lafudhi ya mhudumu wakati anaongea, na imeitumia India. Mimi sitaki lafudhi ya binti wa Arua ilainishwe. Mzee wa Kigoma alimwelewa vizuri sana.

Ninavyoona kazini kwangu, mashine inachukua maswali mepesi: salio ni kiasi gani, ofisi inafungwa saa ngapi, nibadilishe vipi neno la siri. Inayobaki kwetu ni migogoro, msiba, wizi na mtu anayelia. Kwa hiyo simu za mhudumu zinazidi kuwa ngumu, saa ya kwenye skrini imebaki ileile, na malipo yamebaki yaleyale. Hili lizingatiwe katika kupanga mshahara. Halafu kuna rekodi. Kila simu tunayopokea huanza na tangazo kwamba mazungumzo yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Mazungumzo hayo, kwa maelfu, ni Kiswahili halisi cha watu halisi, kile ambacho wanaotengeneza mashine za lugha wanakitafuta. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Naomba ofisi inayoisimamia ifike kwenye kumbi zetu, iulize sauti zetu na za wateja wetu zinapelekwa wapi na kwa ruhusa ya nani. Ikiwa zinatumika kuifundisha mashine, aliyezungumza alipwe kwa hiyo kazi, kwa kuwa ni kazi nyingine.

Miundombinu sitaikalia sana, imeshasemwa na wengi. Nchi yetu haina bahari, kwa hiyo intaneti yetu ya kebo hupanda kutoka pwani, sehemu kubwa ikipitia Mombasa, na tangu kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009 mambo yamekuwa afadhali mno. Bwawa la Karuma, megawati 600, limezinduliwa Septemba 2024, ingawa mtaani kwetu umeme bado unakatika na ukumbini jenereta ndiyo inayotuokoa. Ila jambo moja halina jenereta. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwajiri niliyekuwa naye wakati ule alilazimika kuzielekeza simu zetu ofisi ya nchi nyingine usiku uleule. Intaneti iliporudi, sehemu ya zile simu haikurudi, na baadhi ya wenzangu hawakuitwa tena. Hakuna mkutano wa wawekezaji utakaofidia siku kama zile. Serikali ikitaka kampuni hizi, iahidi kwa maandishi kwamba haitaizima.

Vilevile wale wanaofanyia kazi nyumbani, ambao wameongezeka tangu korona. Bando wanajinunulia, na juu ya bando kuna ushuru wa asilimia 12 uliowekwa mwaka 2021 baada ya kufutwa ile tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Mtu analipa kodi kwenye mshahara, kisha analipia chombo cha kazi ya mwajiri na kodi yake. Wengine wanaandikiwa mikataba ya miezi mitatu mitatu ya "mtoa huduma huru" ili mwajiri asitoe ile asilimia 10 yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wakati kijana huyo anaingia kwenye mfumo saa ileile kila siku, anaomba ruhusa ya kwenda msalani, na anakatwa akichelewa. Huyo ni mwajiriwa. Maofisa wa kazi wakija wakatazama orodha ya zamu kwa dakika chache tu wataliona hilo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo naupenda na naukubali kwa moyo wote, na ndiyo sababu nauliza wenyeji watapona kwa kipi. Takwimu tutakazotangaziwa zitakuwa za nafasi za kazi: elfu ngapi, ndani ya miaka mingapi. Naomba waandishi wako, Mhariri, wakipata nafasi ya kumhoji waziri au mwekezaji, waulize pia mhudumu wa usiku atapokea shilingi ngapi mkononi, atafikaje nyumbani, na nani atamjibu akiugua kwa sababu ya kazi.

Hilo la kufika nyumbani nalitaja kwa sababu wasichana ndio wengi kwenye zamu yangu. Zamu moja huisha saa nane usiku. Basi dogo la ofisi hutushusha kwenye barabara kuu, na kutoka hapo kila mmoja anajitafutia. Mwenye pesa anachukua bodaboda anayemfahamu kwa jina, asiye nayo anasubiri kwenye kituo cha mafuta hadi kupambazuke, akiwa amekaa karibu na mlinzi. Tuna dada mmoja aliyeporwa mkoba na simu hatua chache kutoka mlangoni kwake huko Kyaliwajjala, akaja kazini kesho yake kwa sababu siku ya kutokuja hailipwi. Usafiri hadi mlangoni kwa anayetoka kazini kati ya saa nne usiku na alfajiri si fadhila, na gharama yake kwa kampuni inayokusanya mabilioni ya yuro ni ndogo mno hata isingeonekana kwenye hesabu zake za mwaka.

Mswada wa mshahara wa chini uliokwama mwaka 2019 ulishaandikwa na kujadiliwa, hauhitaji kuanza sifuri. Naomba mbunge wangu wa Kira na wenzake waurudishe Bungeni, waongeze kifungu cha nyongeza ya usiku, cha usafiri, na kile cha kuwawajibisha pamoja mwajiri na mwenye kazi, na waufikishe mezani kabla mkataba mwingine wa kukaribisha kampuni hizi haujasainiwa. Wakitaka mashahidi mbele ya kamati, timu yangu iko tayari kuja, mradi isiwe usiku wa zamu.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa zamu ya usiku,
Kireka, Wilaya ya Wakiso
(Jina naomba lisichapishwe kwa kuwa bado nipo kazini)